Shangazi, mwanangu katolewa darasani kwa sababu niliandika ‘Kiswahili’

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto wawili, tuko Maryland tangu mwishoni mwa mwaka jana. Mume wangu alishinda ile bahati nasibu ya grini kadi, tukauza vitu, tukaja. Binti yangu ana miaka 15. Alisoma Kayumba mpaka la saba, akaingia sekondari ya kata, akaiacha akiwa kidato cha pili. Mdogo wake ana miaka 8. Huyu alizaliwa mambo yetu yakiwa yamekaa vizuri kidogo, akasomeshwa midiamu tangu chekechea, na kwa ajili ya ada yake tumekula dagaa miezi mingi.

Siku ya kuwaandikisha, mama wa ofisini alinipa rundo la fomu. Moja ilikuwa na maswali matatu tu: mtoto alianza kusema kwa lugha gani, anatumia lugha gani zaidi, na nyumbani mnazungumza lugha gani. Nikajaza Kiswahili, Kiswahili, Kiswahili. Ndio ukweli wenyewe. Siku chache baadaye watoto wakavalishwa hedifoni, wakapimwa kwenye kompyuta, kisha ikaja barua kwamba wote wawili wanahitaji kufundishwa Kiingereza.

Mume wangu aliposoma hiyo barua hakulala. Alisema, “Nimelipa ada miaka yote, mtoto aje aambiwe hajui Kiingereza?” Sasa kila asubuhi kuna mwalimu anakuja kumtoa mtoto darasani, anampeleka chumba kidogo pamoja na watoto wanaoongea Kihispania na wawili kutoka Ethiopia. Mtoto mwenyewe anasema wanasoma vitabu vya picha. Shemeji yangu aliyetutangulia huku anasema kosa ni letu. Anasema wenyeji wote wanajua: kwenye ile fomu unaandika Kiingereza, basi. Mume wangu anataka aende akabadilishe majibu, au asaini ile karatasi ya kukataa huduma.

Hilo ni moja. La pili ndilo linaninyima usingizi mimi. Mwezi uliopita niliitwa kikao shuleni kwa mdogo. Kulikuwa na mwalimu wa darasa na akina mama wengine wawili, wanaongea haraka haraka. Binti yangu alikosa shule siku hiyo ili aje kunitafsiria. Wakasema mtoto haongei, akiulizwa anainamisha kichwa, anachelewa kuanza kazi, na wanataka wampime. Binti akanigeukia akasema, “Mama, wanataka kumpima akili.” Nikaona aibu hata kuuliza. Nikawa naitikia yes, yes. Wakanipa karatasi ya kusaini, nikasema nitaileta. Iko juu ya friji mpaka leo. Shangazi, nyumbani mtoto huyu hanyamazi. Anasimulia katuni nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Halafu mmoja wa wale walimu, kwa upole tu, alinishauri nyumbani tuzungumze Kiingereza. Mume wangu akalichukua kama amri. Chakula cha usiku siku hizi kimya, maana Kiingereza changu kinachechemea na watoto wananicheka. Bibi yao akipiga simu kutoka Tanga mdogo anajibu kwa neno moja.

Binti naye amewekwa darasa la tisa, na kila siku ana vipindi viwili vya ESOL, yaani hayo mafunzo ya Kiingereza kwa wanaozungumza lugha nyingine. Analia kwamba amerudishwa nyuma, atamaliza akiwa mzee.

Naomba uniambie: je, hili jina la ESOL litawafuata maisha yote? Tukatae? Nisaini ile karatasi au nisisaini?

Mama Wawili, Maryland

*

Marahaba mwanangu, na poleni na baridi.

Karatasi iliyo juu ya friji ibaki hapohapo kwa sasa. Usiisaini, usiichane. Nitaifikia, lakini haieleweki vizuri kabla hatujamalizana na ile fomu ya maswali matatu, ambayo shemeji yako anaitolea darasa bila kuijua.

Fomu ile hupewa kila mtu, si wageni tu. Mzazi aliyezaliwa Baltimore na bibi yake kazaliwa Baltimore anaijaza vilevile anapoandikisha mtoto. Haiulizi viza wala uraia. Na kwa wasomaji wengine ambao makaratasi yao hayajakaa sawa, tangu kesi ya Plyler ya mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hiyo. Ukiandika lugha isiyo Kiingereza, mtoto haingizwi darasa lolote moja kwa moja. Anapimwa tu. Kipimo ndicho kinachoamua.

Mambo haya hayakuja kwa huruma ya walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule San Francisco kulikuwa na wanafunzi wa asili ya Kichina wapatao 1,800 ambao hawakujua Kiingereza na shule hazikuwapa msaada wowote wa ziada. Wazazi wakaenda mahakamani. Kesi ikaitwa Lau dhidi ya Nichols, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji wote kwa pamoja, kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa kama haelewi kinachosemwa. Iliegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likatunga sheria inayozitaka shule zichukue hatua za kuondoa kikwazo cha lugha, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa, katika kesi iliyotoka Texas, ikaongeza kwamba haitoshi shule kuwa na mpango kwenye makaratasi: uwe na msingi wa kitaalamu, upewe walimu na vifaa, na ukionekana hauzai matunda ubadilishwe.

Sisi tuliosoma Kayumba tunaujua upande wa pili wa jambo hili. Unamaliza la saba kwa Kiswahili, Januari unakaa kidato cha kwanza na biolojia, jiografia na hesabu zote ni Kiingereza. Ukishapita ile kozi ya mwanzo, hakuna anayekuuliza umeelewa nini. Wangapi tuliokaa nao dawati moja walikuwa na akili kuliko sisi, wakaishia kukariri sentensi wasizozielewa, halafu wakaitwa wazito? Binti yako ametoka humo juzi tu. Hapo mlipo sheria inamtaka mtu aulize, na sisi ndio tunaofundishana kwenye WhatsApp namna ya kujibu uongo.

Sasa mdogo wa midiamu. Mwambie baba yake ada haikupotea. Maryland imo kwenye umoja wa majimbo yanayotumia vipimo vya WIDA, vinavyoandaliwa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Vinapima stadi nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na alama zake ni ngazi 1 mpaka 6. Havimpimi mtoto kama anaweza kusimama na wenzake waitikie salamu ya mwalimu kwa kuimba. Vinataka asikilize maelezo ya somo kwa lafudhi ambayo hajaizoea, halafu aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini jambo limetokea, na aandike sababu. Shule zetu nyingi za midiamu zinafundisha vizuri kusoma kwa sauti, kunakili ubaoni na imla. Kumwambia mtoto wa miaka 8 afafanue anachofikiri ni kazi nyingine, na pengine hakuwahi kuifanya kwa lugha yoyote akiwa darasani. Ongeza hedifoni, ongeza kuongea na kompyuta isiyoitikia hata “mmh”.

Kwa hiyo itafute ile barua. Sheria inaitaka shule imjulishe mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, au ndani ya wiki mbili akiwekwa kwenye programu katikati ya mwaka kama wenu. Barua inatakiwa ieleze kwa nini mtoto amechaguliwa, yuko ngazi gani, atafundishwa kwa njia gani, atatoka kwa vigezo gani, na kwamba mzazi ana haki ya kukataa. Tena iwe kwa lugha anayoielewa mzazi kadiri inavyowezekana. Usiangalie ile alama ya jumla iliyomkosesha baba usingizi. Angalia stadi mojamoja. Nitashangaa sana kama kusoma hakukuzidi kuzungumza. Kama kweli alama zote ziko chini kuliko mnavyomjua mtoto wenu, omba kikao cha kuyapitia matokeo na uulize utaratibu wa jimbo wa kusahihisha mtoto aliyewekwa kimakosa. Hiyo ni njia halali. Kwenda ofisini kubadilisha “Kiswahili” kuwa “Kiingereza” baada ya mtoto kupimwa hakufuti matokeo, na kunawafanya muonekane watu wasioaminika kabla hata hamjafika kwenye jambo kubwa la ile karatasi.

Kukataa huduma ni haki yenu, sibishi. Lakini baba ajue anachokataa. Anamkataa mwalimu. Mtihani anabaki nao. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa huduma bado anahesabiwa kuwa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, na bado ataitwa kila mwaka, kipindi cha baridi, kufanya ule mtihani wa stadi nne mpaka afikie alama ya kutokea. Wenzake watakuwa wameandaliwa, yeye hakuandaliwa. Shule nayo bado inawajibika kuhakikisha anaelewa masomo, ila sasa haina kipindi cha kufanyia hivyo.

Na jina hilo halimfuati mtu maisha. Akifikia alama iliyowekwa na jimbo anatoka, shule inaendelea kumwangalia kwa miaka isiyopungua miwili isije ikawa alitolewa mapema, basi. Msitegemee miezi sita lakini. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada ambaye walimu wa lugha wanamtaja sana, alionyesha kwamba lugha ya kuchezea mpira na wenzako huja ndani ya miaka kama miwili, ila lugha ya vitabu na mitihani huchukua mitano hadi saba. Ndiyo maana utasikia mtoto anaongea kama Mmarekani kwenye basi la shule na bado anapata alama ya chini kwenye insha. Hajadanganya huku wala kule.

Hapo sasa ndipo pa kuwabana walimu, badala ya kubishana na fomu. Muulizeni huyu anayemtoa darasani: unamtoa saa ngapi, na wenzake wanafanya nini wakati huo? Ikiwa kila siku anatolewa wakati wa hesabu, hilo ni tatizo, tena hesabu huenda ndiyo somo analoliweza zaidi. Ombeni abadilishiwe muda. Ulizeni kama mwalimu wa ESOL anaweza kuingia darasani kwake afundishe bega kwa bega na mwalimu wa darasa, maana shule nyingi hufanya hivyo na mtoto hapati aibu ya kuinuliwa mbele za watu. Ulizeni vile vitabu vya picha vinamfundisha nini. Pengine vina kazi, maana kitabu cha picha ni njia nzuri ya kumfanya mtoto aongee. Pengine amewekwa na watoto wanaoanza a, e, i, o, u wakati yeye anasoma aya nzima, na hilo mna haki ya kulikataa kwa nguvu zote.

Nimefika kwenye friji.

Binti yako alifanya alichoweza, lakini mtoto wa miaka 15 hakupaswa kubeba sentensi ile. Kwa ulivyonieleza, shule inaomba idhini ya kumfanyia mdogo wake tathmini ya mahitaji maalumu. Inaangalia mambo mengi: kusikia, kuona, usemi, namna anavyojifunza, umakini. Huo ni mlango mwingine kabisa, wenye sheria yake, inayoitwa IDEA. Na sheria hiyo imeweka mambo ambayo nataka uyashike kabla ya kugusa kalamu. Tathmini ya kwanza haifanyiki bila idhini ya maandishi ya mzazi aliyeelezwa kwa lugha yake. Mtoto hawezi kuamuliwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kwamba hajui Kiingereza vya kutosha. Vipimo vinatakiwa vifanywe kwa lugha yake ya nyumbani, isipokuwa ikionekana wazi kwamba haiwezekani. Na idhini uliyotoa unaweza kuiondoa.

Unaona sasa kwa nini nilianza na fomu? Fuata ushauri wa shemeji mpaka mwisho wake. Mtoto kaandikwa Kiingereza. Mwalimu anamwona kimya, anachelewa kuanza kazi, anainamisha kichwa. Lugha haimo kwenye orodha ya sababu, kwa kuwa mzazi mwenyewe kasema nyumbani ni Kiingereza. Atatafuta sababu wapi? Ataitafuta ndani ya mtoto. Lile neno “Kiswahili” mara tatu ndilo linalowalazimisha wajiulize swali la lugha kabla ya lingine lolote.

Kuhusu kichwa kuinama, hili uliseme mwenyewe kikaoni, kwa sababu hakuna mwingine pale anayelijua. Kwetu mtoto akiulizwa na mkubwa haangalii usoni. Na darasani kwetu anayejibu ni aliyeitwa, akiwa na uhakika wa jibu, maana kukosea kuna gharama. Mtoto aliyelelewa hivyo ukimweka mahali watoto wanapaza mikono hata hawajui wanachotaka kusema, atanyamaza. Walimu wazoefu wa ESOL wanaujua ukimya huu wa miezi ya mwanzo. Mtoto anasikiliza, anakusanya.

Lakini mwanangu, usijipe jibu unalolipenda. Jiulize maswali haya kwa Kiswahili, peke yako, bila shule kusikia. Alianza kusema umri gani, sawa na dada yake au alichelewa sana? Ukimwambia “nenda chumbani, chukua soksi nyeupe, umpe dada, halafu uzime taa,” anafanya yote au anarudi kuuliza? Kule midiamu walimu waliwahi kulalamika? Umesema anasimulia katuni mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ni habari kubwa, na walimu hawaijui. Mrekodi kwa simu akisimulia, dakika mbili tatu zinatosha, uwapelekee, na mkalimani awaeleze jinsi anavyopanga matukio. Ikiwa ugumu hauonekani kwa Kiswahili, uwezekano mkubwa ni lugha na ugeni. Ukionekana kwa lugha zote mbili, saini siku hiyohiyo. Wapo wazazi wetu wanaokataa kwa sababu ya aibu, mtoto anapoteza miaka. Sheria ya taifa inaipa shule siku 60 tangu utoe idhini, isipokuwa pale jimbo lilipojiwekea muda wake, kwa hiyo saa haianzi mpaka usaini. Wala shule isikwambie isubiri kwanza ajue Kiingereza. Hilo nalo si halali. Mtoto anaweza kupata huduma zote mbili kwa wakati mmoja.

Na kabla ya yote hayo, masikio na macho. Muombe muuguzi wa shule ampime wiki hii, au mpeleke kwa daktari wake. Nimeona watoto “wasioongea” ambao tatizo lao lilikuwa sikio moja.

Sasa omba kikao upya. Mkalimani ni haki yako, bure, na asiwe mtoto wako. Usione haya kuandika kwa Kiswahili, kazi ya kutafsiri ni yao. Andika hivi tu: “Naomba kikao kingine kuhusu tathmini ya mwanangu. Naomba mkalimani wa Kiswahili. Naomba fomu ya idhini na maelezo ya haki zangu kwa Kiswahili. Naomba mwalimu wa ESOL awepo. Naomba kujua vipimo vitafanywa kwa lugha gani na nani.” Itume kwa barua pepe ibaki na tarehe. Wengi hutumia wakalimani wa simu, na anayepokea anaweza kuwa mtu wa Mombasa au wa Bukavu. Msipoelewana mwambie arudie, msiogopane. Akija mtu kukwambia kwamba tangu Machi 2025 Kiingereza kimetangazwa lugha rasmi ya Marekani kwa hiyo mambo ya wakalimani yamekwisha, mjibu kwamba amri ya rais haikufuta sheria ya 1964 wala ile ya 1974. Miongozo ya Washington hubadilika kila awamu. Sheria hutungwa na kufutwa na Bunge.

Chakula cha usiku rudisheni Kiswahili, hata leo. Yule mwalimu alikuwa na nia njema lakini ushauri wake hauna mashiko. Mtoto anayejadili, anayebisha, anayeulizwa “kwa nini” na kujibu kwa sentensi ndefu kwa lugha ya nyumbani anajenga kilekile ambacho shule inakitafuta, na kinahamia kwenye Kiingereza. Kiingereza chenye kuchechemea pamoja na ukimya hakijengi kitu. Na mzazi asiyeweza kumkemea mwanawe bila kutafuta maneno ameshapoteza zaidi ya lugha. Mpe simu aongee na bibi wa Tanga, amsimulie hiyo katuni.

Binti yako nimemwacha mwisho kwa sababu mambo yake yanahitaji mtu mmoja tu, yule mshauri wa wanafunzi wa shule yake. Mpelekeeni ripoti za kidato cha kwanza na cha pili, za asili, zenye mihuri. Kama hamkuja nazo mtu azifuate shuleni Tanzania. Masomo aliyofaulu kule yanaweza kuhesabiwa kwenye krediti za kuhitimu, na huenda asiwe na haja ya kuanza tisa kwa kila somo. Ulizeni kwa maandishi: vipindi vya ESOL vinahesabiwa kama somo la Kiingereza la kuhitimu au ni vya ziada tu? Hesabu na sayansi anasoma za darasa lake, au amewekwa kwenye nyepesi kwa sababu ya lugha? La pili hilo msilikubali, na hata madarasa ya juu hawezi kufungiwa kwa sababu tu bado anajifunza Kiingereza. Maryland inamruhusu mtu kusoma shule ya umma bure mpaka anakaribia miaka 21, kwa hiyo hakuna wa kumfukuza akiwa na 19. Mwambie pia kwamba jimbo linatoa muhuri maalumu kwenye cheti kwa anayehitimu akimudu Kiingereza na lugha nyingine kwa kiwango kinachotakiwa. Aulize mapema shule yake inapimaje Kiswahili kwa ajili hiyo. Wenzake wa darasani wanahangaika na Kihispania miaka minne kuupata.

Na huyo mwalimu wa ESOL wa mdogo, barua yako nzima umemwita “mwalimu”. Ulizeni jina lake, mumkaribishe, baba amsikilize mwenyewe. Ndiye pekee pale shuleni anayekaa na mtoto wenu kila siku katika kikundi kidogo, na ushahidi wake utakuwa na uzito mkubwa kwenye hicho kikao.

Matokeo ya masikio yakitoka niandikie.

Shangazi